Sheria ya Pombe na Watoto: Ni Nani Anayeshtakiwa?

Wako watu wengi katika Kenya wanaodhani kwamba sheria ya pombe ni jambo la askari na walevi tu. Mlevi huanguka njiani, askari humchukua, asubuhi husimama mbele ya hakimu, hulipa faini, kisha hurudi kwake. Mtu asiyelewa njiani husema kwamba sheria hiyo haimhusu. Neno hilo si kweli, na kwa mwenye duka, mwenye matatu, mwenye nyumba ya kupangisha au mwenye uwanja wa matanga ni neno la hatari. Katika somo hili tutaichukua sheria yenyewe na kuisoma polepole, ili tuone inamwelekea nani.

Sheria kubwa katika jambo hili ni Sheria ya Kudhibiti Vileo, nambari 4 ya mwaka 2010. Wengi huijua kwa jina la "sheria ya Mututho", kwa kuwa Bwana John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka Bungeni. Rais Mwai Kibaki aliitia sahihi mwaka huo huo. Ilipoanza kutumika watu walizungumza habari ya saa tu: kwamba siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku, na kwamba Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu ifunguliwe saa nane mchana. Mabishano juu ya saa yalikuwa makali, hata vifungu vingine, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vyenye uzito zaidi, vikapita bila kusomwa.

Tuvichukue viwili tu, tuviweke kando kwa kando.

Kifungu kimoja kinamhusu mtu aliyelewa mahali pa watu wote, yaani barabarani, dukani, hotelini, au karibu na mahali hapo. Ikiwa amelewa hata hawezi kujimudu, au amelewa na kufanya fujo, askari anaweza kumkamata bila hati ya hakimu, na ni lazima amfikishe mahakamani bila kukawia. Akipatikana na hatia, faini yake haizidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au yote mawili.

Kifungu kingine kinamhusu mtu anayemwuzia au kumpa pombe mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Faini yake inaweza kufika shilingi 150,000, au kifungo cha mwaka mmoja, au yote mawili. Na mwenye leseni ya baa anayemruhusu mtu wa umri huo kuingia mahali pombe inapotengenezwa, inapowekwa au inaponywewa, naye yumo katika adhabu ya kadiri hiyo hiyo, hata kama kijana hakuonja tone.

Msomaji apige hesabu. Shilingi 150,000 ni mara mia tatu ya shilingi 500. Mlevi anayepiga kelele sokoni ni fedheha kwake na kwa jamaa zake, lakini kwa mizani ya sheria kosa lake ni dogo. Kosa kubwa ni la yule mtu mzima, pengine mwenye kiasi na heshima zake, aliyempa mtoto kikombe. Na sheria haimwekei mtoto aliyekunywa adhabu hiyo ya shilingi 150,000, imemwekea aliyempa.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya maneno, maana kazi ya kufasiri sheria humfundisha mtu kwamba neno moja dogo laweza kumfunga mtu jela. Sheria haisemi "kuuza" peke yake. Inataja kuuza, na kumpatia mtu, na kumpa. Kwa hiyo mjomba anayefungua chupa sebuleni na kumjazia mpwa wake gilasi kwa kumfurahisha tu, bila senti moja kupita mkononi, hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, "Mimi si mfanya biashara." Hakuna aliyemwuliza kama ni mfanya biashara.

Neno "mtoto" nalo linatutatiza sisi wasemaji wa Kiswahili. Mtoto kwa masikio yetu ni yule anayechunga mbuzi au anayekwenda shule ya msingi na kaptura. Kijana wa miaka 17 aliyeota ndevu, mwenye sauti nzito, hatumwiti mtoto. Tena akiwa ametahiriwa, wazee wa makabila mengi watasema kwamba amekwisha kuwa mtu mzima. Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi wa Desemba na vijana wanapotoka katika tohara, hufanywa sherehe, na katika baadhi ya sherehe hizo wakubwa huwaletea wanatohara bia, wakisema kwamba sasa ni wanaume. Mila ya tohara ina heshima yake, wala sheria haikuigusa. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kueleza kwamba mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na hesabu hiyo haitazami ndevu wala kisu cha ngariba. Ajabu ni kwamba wazee wa zamani, ambao mila hizo ni zao, hawakuwapa vijana pombe hivyo. Busaa ilinywewa na wakubwa walioketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Muratina ilikuwa kinywaji cha wazee na cha mambo ya heshima kama mahari na kusuluhisha ugomvi. Anayempa bia mvulana wa miaka 15 na kusema kwamba anafuata mila, mila hiyo kaibuni mwenyewe juzi.

Mwaka 2025 Serikali ilitangaza sera ambayo ndani yake mlikuwa na pendekezo la kuinua umri wa kuruhusiwa pombe kutoka miaka 18 hata 21. Watu wengine walidhani siku ile ile kwamba sheria imebadilika. Sera ni nia ya Serikali iliyoandikwa. Sheria hupitishwa na Bunge. Umri uliotajwa katika sheria ya mwaka 2010 ni miaka 18.

Je, mwenye duka atajuaje umri wa mtu? Sheria imemfikiria. Akimtaka mnunuzi amwonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti, naye akaonyeshwa, na akawa na sababu njema ya kuamini kwamba hati hiyo ni ya kweli, basi ana la kujitetea. Katika Kenya mtu hupewa kitambulisho atimizapo miaka 18, kwa hiyo kazi ya mwenye duka si ngumu. Asiyeulizia hati, akatazama kimo cha mtu tu, amejivua ngao yake mwenyewe. Tena anapaswa kubandika tangazo linaloonekana wazi kwamba walio chini ya miaka 18 hawauziwi pombe wala hawaruhusiwi kuingia.

Sasa tuingie katika karamu, maana huko ndiko mambo yanakoharibika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja amefiwa na ndugu yake. Maiti bado haijazikwa, na jamaa wanahitaji fedha za jeneza, chakula na gari. Vijana wa ukoo wanamjia na kumwambia, "Baba, turuhusu tulete vyombo vya muziki usiku wa Ijumaa. Watu watacheza, watatoa mchango, nasi tutapata gharama za mazishi." Mzee anakubali. Hii ndiyo inayoitwa disko matanga, inayojulikana sana katika sehemu za Magharibi, Nyanza na Pwani. Usiku unapokuwa mkubwa, wanafunzi wa vijiji vitatu vya jirani wanakuja. Nyuma ya jiko mpwa wake mzee anauza chang'aa kwa kikombe. Mlangoni kijana mwingine anapokea kiingilio. Usiku wa manane mvulana wa miaka 15 anaokotwa migombani akiwa hana fahamu.

Asubuhi chifu anafika na kumwambia mzee, "Pole sana kwa msiba, baba. Lakini nieleze, pombe hii ilitoka wapi?" Mzee anajibu kwa moyo safi kabisa, "Mwanangu, mimi sikuuza. Mimi nilikuwa ndani na wafiwa."

Tutazame kila mtu kwa zamu yake. Mpwa aliyekuwa nyuma ya jiko ana makosa zaidi ya moja: ameuza kileo bila leseni, na amemwuzia mtoto. Aliyepokea kiingilio atasema kwamba fedha zile ni za muziki. Lakini ikiwa aliyelipa alipewa na kikombe, itakuwa kazi kumshawishi hakimu kwamba hapakuwa na biashara. Mzee je? Mambo yatategemea alijua nini, na hili ndilo watakaloulizwa mashahidi. Kama alijua kwamba katika uwanja wake watoto wanapewa pombe, naye akanyamaza kwa sababu ya mchango, huzuni yake haimtoi katika lawama. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoondoa ile ya mwaka 2001, nayo inataka mtoto alindwe na pombe na dawa za kulevya. Na mvulana mwenyewe? Huyu kwanza ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Ikiwa ni lazima kuzuiliwa na polisi, Katiba inasema kwamba mtoto azuiliwe pale tu ambapo hapana njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.

Machifu wamepiga marufuku disko matanga mara nyingi, na watu huuliza kama wana uwezo huo au wanajitakia ukubwa. Uwezo wanao. Sheria ya Machifu inawaruhusu kutoa amri juu ya utengenezaji na unywaji wa vileo katika maeneo yao, na mizizi yake ni ya zamani sana: ilianza katika sheria ya mwaka 1912 iliyowapa wakuu wa vijiji wa wakati huo amri ya kuzuia karamu za pombe. Hata hivyo, chifu anayetoa amri barazani mchana, kisha usiku akaonekana ameketi penye mtungi, atapata shida kutiiwa. Hilo halikuandikwa katika sheria yoyote, lakini kila mtu wa kijijini analijua.

Mjini matanga ya namna hiyo ni machache, lakini karamu zimekuja kwa mlango mwingine. Mtu mmoja hupangisha nyumba kwa siku mbili, habari zikapitishwa kwa simu, kila mmoja akatoa fedha kidogo, na vijana ambao wazazi wao wanadhani wamekwenda kusoma kwa rafiki hukutana humo. Hata gari laweza kugeuzwa kuwa baa. Mwezi wa Agosti 2015, wakati shule zilipofungwa, polisi katika Kaunti ya Kirinyaga walisimamisha basi lililokuwa na wanafunzi wapatao 45 wa sekondari wakiwa njiani kwenda Nairobi, nao walikutwa na pombe na bangi. Nchi nzima ilishtuka. Katika maduka na magari watu walizungumza juu ya wasichana na wavulana wale, wazazi wao, shule zao, mavazi yao. Lakini swali ambalo sheria ya mwaka 2010 inaliweka mbele ni jingine: chupa zile zilinunuliwa duka gani, na mwenye duka aliomba kitambulisho cha nani?

Nimesema kwamba sheria hii humwelekea mtu mzima anayetoa. Haikuwa hivyo tangu zamani. Katika siku za ukoloni sheria za pombe zilimtazama mtu kwa rangi yake kabla ya kumtazama kwa umri wake. Mapatano ya Saint-Germain ya mwaka 1919, yaliyotiwa sahihi na mataifa yenye makoloni, yalizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Kwa hiyo mzee Mwafrika mwenye wajukuu alikuwa amekatazwa kile ambacho kijana wa Kizungu aliyekuja jana kutoka ng'ambo alikinywa barazani. Nairobi nayo, tangu miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilikuwa na nyumba yake ya pombe Pumwani, na mwanamke aliyepika pombe chumbani kwake kwa kutafuta karo ya mtoto alikamatwa, maana aliharibu biashara ya halmashauri. Haishangazi kwamba watu wengi walijifunza kuidharau sheria ya pombe na kuiona kuwa ni mtego tu. Baada ya Uhuru, mwaka 1980, chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria yake yenyewe. Haikwisha, ilihamia mabondeni na kando ya mito, ikapikwa gizani. Sheria ya mwaka 2010 iliifuta ile ya 1980, ikasema chang'aa yaweza kutengenezwa na kuuzwa, ila kwa leseni, kwa usafi, na katika chupa. Pia ilikataza vile vipakiti vidogo vya plastiki ambavyo mtoto wa shule aliweza kukificha kimoja ndani ya soksi.

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Nairobi, kwa mfano, ilitunga sheria yake mwaka 2014. Kwa hiyo saa na ada zaweza kutofautiana kaunti kwa kaunti, na mwenye biashara akaulize ofisi ya kaunti yake badala ya kutegemea maneno ya jirani. Kwa wazazi lililo kubwa ni hili: sheria ya mwaka 2010 inasema leseni mpya isitolewe kwa baa iliyo chini ya meta 300 kutoka shuleni, na mwananchi ana haki ya kupinga ombi la leseni kabla halijakubaliwa. Wazazi hulalamika sana baa ikiisha kufunguliwa. Wakati wa kupinga ni pale tangazo linapobandikwa, na malalamiko yaandikwe, yatiwe sahihi, na yataje umbali uliopimwa. Meta 300 ni mwendo wa dakika nne hivi kwa miguu. Walimu na wanafunzi wanaweza kupima kwa kamba katika somo la hesabu.

Mtu ataweza kuuliza: mbona adhabu ni nzito hivyo kwa kikombe kimoja? Sababu ziko mbili, na zote ni za mwili.

Kwanza, mwili wa kijana ni mdogo, na pombe ile ile humjaa upesi. Kwa watoto pombe yaweza kuishusha sukari ya damu hata wakapata kifafa. Ubongo nao huendelea kukua hata baada ya miaka 20, na pombe nyingi huuvuruga katika kazi hiyo. Pili, ni ile sumu iitwayo methanoli. Pombe ya kawaida na methanoli ni kama ndugu wawili wanaofanana sura: zote ni maji meupe, zina harufu inayokaribiana, na mnywaji hawezi kuzitenganisha kwa ulimi. Lakini methanoli ni ya viwandani, ya kuchanganyia rangi na kuwashia moto. Wauzaji wabaya huitia katika pombe ili ipate ukali kwa bei ndogo. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho, kisha uhai wenyewe. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti mbalimbali, na Embu ikawa miongoni mwa zilizoumia sana. Mwezi wa Februari 2024 msiba ukaingia Kirinyaga, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Anayenunua kikombe nyuma ya jiko hajui kilichomo, na pengine hata aliyekiuza hajui, maana naye alinunua kwa mtungi.

Ubaya wa methanoli ni kwamba haiui papo hapo. Mtu aweza kulala kama mlevi mwingine yeyote, akaamka, na saa 12 au hata siku nzima baadaye ndipo tumbo likaanza kumkata, kichwa kikamwuma, pumzi zikamwenda mbio, na macho yakaona ukungu mweupe. Jamaa husema, "Ni hangova, mpe supu." Hapo ndipo uhai hupotea. Hospitali zina dawa ya kuizuia sumu hiyo isigeuke, lakini hufaa zaidi mgonjwa akiwahishwa.

Kwa hiyo, mkimkuta kijana amelewa hata haamki, msimwache peke yake eti pombe itaisha yenyewe. Mlazeni kwa ubavu, si kwa mgongo, ili akitapika matapishi yasimzibe koo. Msimpe kahawa, wala maziwa, wala msimtie kidole kooni, wala msimmwagie maji ya baridi. Ikiwa anapumua polepole sana, au midomo imekuwa ya rangi ya kijivu, au haitikii hata akifinywa, atafutiwe gari wakati huo huo. Mtu anayesema kwamba haoni vizuri baada ya kunywa apelekwe hospitali hata kama anatembea na kucheka. Daktari au mwuguzi atataka kujua alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi na wapi; basi rafiki zake waulizwe bila kutishwa kwa fimbo, maana mtoto anayeogopa kupigwa atasema alikunywa soda. Kama yamebaki mabaki ya kinywaji, yatiwe katika chupa yenye kizibo na kupelekwa pamoja na mgonjwa. Na wale wengine waliokunywa katika mtungi ule ule watafutwe nyumba kwa nyumba kabla ya jua kuchwa, hata wale wanaojiona wazima.

Anayetaka msaada kwa mtoto anaweza kupiga simu nambari 116 bila malipo, na kwa mambo ya ulevi nambari 1192.